PIMA KWANZA, BADILISHA BAADAYE: UKARABATI WA AMPLIFAYA ZA VALVU ZA JUKIBOKSI

(Hotuba iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wa redio)

Tunajua wengi wenu mmefunga vibanda vyenu leo, na fundi akifunga kibanda siku nzima hakuna anayemlipa. Kwa hiyo tutajitahidi msitoke hapa mikono mitupu.

Mada tuliyopewa ni ukarabati wa amplifaya za valvu zilizokuwa zikitumika ndani ya jukiboksi za Marekani kuanzia miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: kuna faida gani kujifunza kifaa cha kizee namna hii, wakati wateja wetu wanaleta simu na televisheni bapa? Swali hilo ni la haki na tunalijibu mapema.

Kwanza, ndani ya amplifaya ya valvu kila kitu kiko wazi. Kila rezista unaiona, kila waya unaufuata kwa kidole mpaka unakoishia. Mwanafunzi anaweza kuuona ugonjwa kwa macho na kuupima kwa mita, jambo ambalo ni gumu kwenye bodi za kisasa. Pili, valvu hazijafa. Wapiga gitaa wengi duniani bado wanazitumia, na aina zilizotumika zaidi, kama 6L6 na 12AX7, bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Tatu, na hili ndilo kubwa, fundi aliyejifunza kutafuta ugonjwa wa amplifaya hii kwa utaratibu hatabadilisha vipuri kwa kubahatisha katika kifaa kingine chochote.

Mezani hapa tumeweka amplifaya ya Seeburg ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambayo tuliletewa na marafiki zetu wa Marekani kwa ajili ya mafunzo. Ilifika ikiwa na kikaratasi kilichoandikwa kwamba imekufa. Leo inapiga muziki. Katika hotuba hii tutaeleza njia iliyopita, maana njia hiyo ndiyo somo lenyewe.

1. JUKIBOKSI NI NINI?

Jukiboksi ni kabati la muziki linaloendeshwa kwa sarafu. Mteja anatumbukiza sarafu, anabonyeza vitufe vya wimbo anaoutaka, na mashine yenyewe inatafuta santuri, inaishusha mahali pake na kuipiga. Mwaka 1889 Louis Glass aliweka mashine ya sarafu katika baa moja mjini San Francisco, lakini haikuwa na amplifaya. Wasikilizaji walishika mirija na kuiweka masikioni. Mashine iliweza kujaza ukumbi mzima kwa sauti pale tu valvu zilipokuja kuukuza umeme mdogo unaotoka kwenye sindano, na hilo lilianza miaka ya 1920.

Neno lenyewe lina asili ya kwetu Afrika. Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba "juke" limetoka kwa Wagullah, watu weusi wa pwani ya kusini mashariki mwa Marekani, ambao lugha yao ina maneno mengi ya Afrika Magharibi. Vilabu vya wafanyakazi weusi wa mashambani, mahali pa kucheza na kunywa baada ya kazi, viliitwa kwa neno hilo, na mashine ya muziki ikarithi jina.

Watengenezaji wakubwa walikuwa wanne: Wurlitzer wa North Tonawanda katika jimbo la New York, AMI wa Grand Rapids katika jimbo la Michigan, pamoja na Seeburg na Rock-Ola, wote wawili wa Chicago. Wurlitzer modeli 1015 ya mwaka 1946 ilikuwa na nyimbo 24, na zilitengenezwa zaidi ya 56,000. Mwaka 1948 Seeburg walitoa M100A yenye nyimbo 100, na mwaka 1950 wakatoa M100B iliyopiga santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Mashine hizi zilifanya kazi mchana na usiku, katikati ya moshi, vumbi na bia iliyomwagika. Waliozibuni walijua hivyo, na ndiyo maana amplifaya zake ni imara kiasi kwamba nyingi zinaweza kufufuliwa hata baada ya miaka 70.

2. AMPLIFAYA YA VALVU INAVYOFANYA KAZI

Hatuwezi kutibu mwili tusiojua viungo vyake. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna filamenti inayopasha joto kathodi. Kathodi ikipata moto inatoa elektroni, nazo zinavutwa na anodi iliyo na volti nyingi chanya. Kati ya kathodi na anodi kuna kiwambo cha waya kinachoitwa gridi. Fikirini gridi kama koki ya maji: ikiwa hasi ikilinganishwa na kathodi, inabana mkondo, ikipoteza uhasi wake, koki inafunguka. Badiliko dogo kwenye gridi linaleta badiliko kubwa kwenye anodi, na huko ndiko kukuza sauti. Tunaomba mwikumbuke koki hii, tutairudia.

Safari ya sauti ni hii: sindano, kisha kichwa cha sindano, kisha valvu ndogo za mwanzo, kisha valvu mbili kubwa zinazopokezana, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, kisha transfoma ya spika, na mwisho spika. Katika Seeburg hii valvu kubwa ni 6L6, aina iliyotolewa na kampuni ya RCA mwaka 1936.

Safari ya umeme ni nyingine: transfoma kubwa inapandisha volti, valvu ya rektifaya inageuza umeme kuwa wa upande mmoja, na kapasita kubwa zinausawazisha. Volti zinazofika kwenye anodi za valvu kubwa kwa kawaida ni kati ya 300 na 450.

3. USALAMA KABLA YA YOTE

Ndugu mafundi, hapa tunaomba usikivu wenu wote. Fundi aliyezoea redio za betri anaweza kuidharau mashine hii kwa sababu ni ya zamani. Volti 400 haziulizi umri wa mashine. Zinaua.

Zaidi ya hayo, kapasita hutunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo tunafuata taratibu zifuatazo bila kuruka hata moja:

(a) Chomoa plagi, usitegemee swichi.
(b) Toa umeme uliobaki ndani ya kapasita kwa kutumia rezista ya omu 10,000 ya wati 5 au zaidi, iliyofungwa kwenye waya wenye ganda zuri. Ishikilie kati ya kapasita na chasisi kwa sekunde kumi au zaidi. Usitumie bisibisi, cheche yake inaharibu kapasita na inaweza kukurukia machoni.
(c) Baada ya hapo pima kwa mita. Mita ikisoma karibu na 0, ndipo uingize mkono.
(d) Ukilazimika kupima huku kifaa kinawaka, tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni au nyuma, ili umeme usipite kifuani kutoka mkono hadi mkono. Vua pete na saa.
(e) Usifanye kazi hii peke yako, na mwenzako ajue swichi kuu iko wapi.

Nyaya nyingi za wakati ule zilikuwa mbili tu, bila ethi. Tunashauri kuweka waya wenye nyuzi tatu, ethi ifungwe kwenye chasisi kwa bolti. Mara nyingine kuna kapasita ndogo iliyounganishwa kati ya waya wa umeme na chasisi. Hiyo ikipitisha umeme, chasisi nzima inakuwa na moto. Iondoe.

Vilevile tujihadhari na sumu. Taa za mirija ndani ya kabati zina balasti, na balasti na kapasita za mafuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1979, Marekani ilipopiga marufuku utengenezaji wa mafuta ya PCB, zinaweza kuwa na mafuta hayo hatari. Ikivuja, vaa glavu, usiifungue wala usiichome moto.

4. KABLA YA KUWASHA

Mtu akipokea kifaa kizee, jambo la kwanza linalomjia ni kukichomeka aone kama kinaita. Tunasihi msifanye hivyo. Kapasita iliyokaa miaka 30 bila umeme imekauka au inavuja, na dakika moja ya umeme kamili inaweza kuunguza transfoma ambayo haipatikani tena dukani. Haraka haraka haina baraka.

Badala yake tunaanza na macho, pua na mita.

Macho: tunaangalia rezista zilizoungua, kapasita zilizovimba au kutoa nta, nyaya ambazo ganda lake la mpira limekuwa kama mkate mkavu. Tunaangalia valvu. Juu au ubavuni mwa kioo mna doa la rangi ya fedha. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa. Hapo hakuna haja ya kipimo kingine.

Pua: transfoma iliyoungua ina harufu ya pekee, ya vanishi iliyochomwa, na haiishi upesi.

Mita: kifaa kikiwa hakina umeme, tunapima nyuzi za transfoma ya umeme na za transfoma ya spika kama hazijakatika, na kama hazijagusana na chasisi. Kisha tunapima rezista. Rezista za kaboni za zamani hupanda thamani kadiri miaka inavyokwenda. Iliyoandikwa omu 100,000 unaweza kuikuta na omu 150,000. Ile iliyopita kiwango chake kwa zaidi ya asilimia 20 tunaiandika kwenye orodha ya kubadilishwa.

Tunasema "tunaiandika" kwa makusudi. Kalamu ni kifaa cha fundi sawa na bisibisi. Kabla ya kukata waya wowote, chora. Kapasita za kopo zina sehemu mbili au tatu ndani ya kopo moja, na kila mguu una alama yake chini: nusu duara, mraba, pembetatu. Ukikata bila kuchora, utarudisha kwa kubahatisha, na kapasita ya aina hii ikigeuzwa chanya na hasi inaweza kupasuka.

5. KUWASHA KWA MARA YA KWANZA

Kila karakana, hata iliyo maskini, inaweza kuwa na kinga hii: balbu ya filamenti ya wati 60 au 100, ya volti sawa na umeme unaotumia, iunganishwe kwa mfululizo na kifaa. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii. Kifaa kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na kuubana umeme usiingie wote. Kifaa kikiwa kizima, balbu inawaka kidogo mwanzoni kisha inafifia.

Tunaanza kwa kuitoa valvu ya rektifaya, ili volti za juu za moja kwa moja zisifike kwenye kapasita na valvu nyingine; lakini volti za juu za transfoma bado zipo kwenye soketi ya rektifaya. Tunawasha. Balbu ikififia, transfoma ni nzima na filamenti za valvu zinapata umeme. Balbu ikibaki inawaka sana wakati rektifaya haipo, tatizo liko kwenye transfoma yenyewe au kwenye nyaya za filamenti.

Kisha tunazima, tunarudisha rektifaya, na kabla ya kuwasha tena tunahakikisha spika imeunganishwa. Amplifaya ya valvu isiachwe kamwe ikipiga bila spika. Nguvu isiyo na pa kwenda inarudi ndani ya transfoma ya spika kama volti kali sana, na inatoboa vanishi ya nyuzi zake.

6. MAGONJWA NA DALILI ZAKE

(a) Mvumo mzito

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Mara nyingi chanzo ni kapasita kubwa za kusawazisha, zilizokauka. Sikilizeni vizuri aina ya mvumo. Kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, kapasita zilizokauka hutoa mvumo wa hezi 120. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mvumo huo ni wa hezi 100. Mvumo ulio chini zaidi, wa hezi 60 au 50, hutoka kwenye valvu ambayo filamenti yake inavujisha kwa kathodi, au kwenye waya wa kichwa cha sindano uliopoteza ethi yake.

Ili kujua mvumo unaingilia wapi, chomoa valvu ndogo moja baada ya nyingine ukianzia zile zilizo karibu na valvu kubwa na kurudi nyuma kuelekea sindano. Ukichomoa valvu na mvumo ukabaki vilevile, chanzo kiko mbele yake, upande wa spika. Ukikoma, chanzo ni valvu hiyo au kilicho nyuma yake. Kwa njia hii dakika tano zinatosha kujua pa kuchimba.

Kapasita mpya iwe na volti sawa au zaidi ya ile ya zamani. Pale palipoandikwa maikrofaradi 20 kwa volti 450, weka 22 kwa volti 450. Usiongeze sana ile ya kwanza baada ya rektifaya ukidhani utapata sauti safi zaidi. Valvu ya 5U4 haitavumilia. Kopo la zamani linaweza kubaki juu ya chasisi kwa ajili ya sura, lakini nyaya zake zikatwe kabisa. Kapasita mpya isifungwe juu ya ile iliyooza.

(b) Valvu kubwa inageuka nyekundu

Hapa ndipo tunapoomba mkumbuke ile koki. Bati la anodi likiiva na kuwa jekundu, maana yake mkondo umezidi, koki imefunguka. Zima mara moja.

Kati ya valvu ndogo na gridi ya valvu kubwa kuna kapasita ndogo, kwa kawaida maikrofaradi 0.05 au karibu na hapo. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti za moja kwa moja. Zile za zamani ni za karatasi na nta, na karatasi hunyonya unyevu. Ikianza kuvujisha, volti chanya zinateleza hadi kwenye gridi, nayo inafunguka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa hii Seeburg iliyo mezani. Tulipoiwasha kupitia balbu, valvu moja ya 6L6 ilianza kuwa nyekundu ubavuni. Tulipima gridi ya valvu nzima, tukapata karibu na volti 0. Tulipima gridi ya ile nyekundu, tukakuta volti kadhaa chanya. Swali likawa: mkosaji ni kapasita au valvu yenyewe? Jibu halihitaji kununua chochote. Tuliichomoa valvu na kupima tena kwenye soketi tupu. Volti zilibaki palepale. Hivyo mkosaji alikuwa kapasita. Kama zingetoweka, mkosaji angekuwa valvu.

Ndugu washiriki, kapasita ile ni kipuri kidogo kuliko kidole, na mpya ya plastiki ya maikrofaradi 0.047 kwa volti 630 hupatikana kwa bei ya chini. Lakini kama tungeweka valvu mpya bila kupima, nayo ingeiva. Tungeweka ya tatu. Na mwishoni transfoma ya spika ingeungua, ambayo ingebidi isukwe upya, uzi kwa uzi, ikiwa atapatikana wa kuisuka. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulibadilisha kapasita zote mbili za namna hiyo, maana zilizaliwa siku moja na kuzeeka pamoja.

Baada ya hapo tunahakiki kwa hesabu. Tuseme rezista ya kathodi inayotumiwa na valvu zote mbili ni omu 250, na mita inasoma volti 22 juu yake. Gawanya 22 kwa 250, unapata miliampia 88, yaani 44 kwa kila valvu. Kati ya anodi na kathodi tuseme kuna volti 340; zidisha, unapata wati 15. Valvu ya 6L6 ya asili inaruhusiwa wati 19, na ile ya baadaye iitwayo 6L6GC inaruhusiwa 30. Basi tuko salama. Hesabu hiyo ni ya darasa la saba, lakini inaokoa valvu.

(c) Kimya kabisa

Kabla ya kusema amplifaya imekufa, tukumbuke kwamba jukiboksi ina tabia yake. Mashine nyingi zina rilei au swichi inayonyamazisha sauti wakati mashine inatafuta santuri, ili wateja wasisikie kelele za vyuma. Mguso wa swichi hiyo ukichafuka, amplifaya nzima inaonekana imekufa kumbe imezibwa mdomo tu. Angalia hapo kwanza.

Kisha angalia kichwa cha sindano. Vichwa vya zamani vya kristali huharibiwa na unyevu na joto. Wurlitzer wa mwishoni mwa miaka ya 1940 walitumia kichwa kinachoitwa Cobra, ambacho hakitoi sauti bila valvu ya pekee inayokitumikia. Gusa kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ule mguu wa kati wa kitufe cha sauti, ambako volti za juu hazifiki. Ukisikia mvumo kwenye spika, kila kitu kuanzia hapo hadi spika kinafanya kazi, na ugonjwa uko upande wa sindano.

(d) Sauti inapanda na kushuka, au inakwaruza

Santuri za kampuni mbalimbali hazikulingana kwa ukubwa wa sauti. Ili mteja asishtuliwe na wimbo unaofuata, Seeburg waliweka mtambo mdogo wa kusawazisha sauti wenyewe kwa wenyewe. Valvu au kapasita za sehemu hiyo zikichoka, sauti inafifia au inapumua kama mtu mwenye pumu. Wengi wamebadilisha valvu kubwa bure kwa sababu hawakujua kwamba sehemu hiyo ipo.

Mikwaruzo mingi ni uchafu: miguu ya valvu, soketi, na kitufe cha sauti. Tumia dawa ya kusafishia miguso, ingiza na kutoa valvu mara kadhaa. Kisha gonga kila valvu taratibu kwa penseli. Ile inayolia kwenye spika kama kengele imelegea ndani.

7. UMEME WETU NA MASHINE ZAO

Mtu akikuletea jukiboksi iliyotoka Marekani, kumbuka mambo mawili. La kwanza, imeundwa kwa volti takriban 117. Umeme wa Tanzania ni 230. Inahitaji transfoma ya kushusha. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni hezi. Transfoma ya kushusha haibadilishi hezi 50 kuwa 60. Mota ya kuzungusha santuri itakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita: santuri ya mizunguko 45 itazunguka 37 na nusu, na mwimbaji wa sauti nyororo ataimba kama mzee. Dawa yake ni kubadilisha kipenyo cha puli ya mota. Aidha, transfoma iliyobuniwa kwa hezi 60 hupata joto zaidi kwa hezi 50, hivyo iachiwe nafasi ya kupumua na ipimwe joto baada ya saa moja.

8. HITIMISHO

Ndugu washiriki, tumesema mengi lakini neno ni moja: pima kwanza, badilisha baadaye. Fundi anayebadilisha kila kitu mpaka kifaa kiite hajui alichokiponya, na mteja amelipia vipuri ambavyo havikuwa na kosa. Fundi anayepima anaweza kumwonyesha mteja kipuri kilichooza mkononi na kumwambia sababu. Katika miji yetu midogo ambako habari za fundi hutembea haraka kuliko daladala, huo ndio mtaji wake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa vyuo vyetu. Kila karakana itengeneze balbu ya kinga na rezista ya kutolea umeme, zitundikwe ukutani mahali pa kuonekana. Kila mwanafunzi awe na daftari la vipimo, aandike volti alizozikuta kabla na baada ya matengenezo. Na hakuna mwanafunzi atakayepewa kipuri kipya kabla ya kueleza, kwa vipimo vyake, kwa nini cha zamani kimekosea.

Sasa tunawakaribisha mezani kwa makundi ya watu watano watano. Kapasita mbili tulizozitoa ziko kwenye kisahani pembeni, zipimeni wenyewe. Mkianza, mmoja wenu asimame karibu na swichi kuu.